Maneno Yanayotangulia Mengine Yote

Mwezi Oktoba 1789, George Washington, rais mpya wa nchi mpya, alitangaza kwamba Alhamisi ya tarehe 26 Novemba mwaka huo ingekuwa siku ya taifa zima kumshukuru Mungu. Ndilo tangazo la kwanza la aina hiyo kutolewa na rais wa Marekani. Ukisoma historia za shule za kule, hapo ndipo sikukuu ya Thanksgiving inapoanza kupata mhuri wa serikali.

Miaka 10 kabla ya tangazo hilo, mtu huyohuyo alikuwa ameandika barua ya aina nyingine. Mei 1779, akiwa jenerali wa vita vya uhuru, alimwagiza Jenerali John Sullivan aingie katika nchi ya Haudenosaunee, sehemu ambayo leo ni jimbo la New York. Kazi: kuharibu makazi yao yote, kuteka watu wa kila umri, wake kwa waume, kuangamiza mazao yaliyokuwa shambani na kuhakikisha hawapandi mengine.

Kazi ilifanywa. Kufikia mwisho wa Septemba, Sullivan aliripoti miji 40 iliyochomwa na busheli 160,000 za mahindi zilizoharibiwa. Kwa magunia yetu ya kilo 90, hayo ni zaidi ya magunia 40,000. Miti ya mapichi na matofaa ilikatwa mmoja mmoja. Maelfu ya watu walikimbilia ngome ya Waingereza ya Niagara, na majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa makali kupita kiasi. Wengi walikufa kwa njaa na baridi.

Mwaka 1790 wazee wa Seneca, akiwemo Cornplanter, walienda Philadelphia kumwona Washington. Walimwambia usoni kwamba kwao anaitwa Mwangamiza Miji. Wakamwambia kwamba mpaka siku hiyo, jina hilo likitajwa, wanawake hugeuka kutazama nyuma yao na watoto hung'ang'ania shingo za mama zao.

Sasa weka matukio hayo matatu pamoja: barua ya 1779, tangazo la 1789, maneno ya 1790. Kisha ongeza jambo moja ambalo zile katuni za bata mzinga hazikutuambia. Hao watu ambao mahindi yao yalichomwa walikuwa na desturi ya kushukuru kabla ya kila mkutano, na mahindi yenyewe yalikuwa kwenye orodha ya wanaoshukuriwa. Hawakungoja rais awatangazie.

*

Kwanza tuwajue. Haudenosaunee maana yake ni watu wa Nyumba Ndefu. Vitabu vingi vya zamani huwaita Iroquois, jina walilobandikwa na wageni. Ni muungano wa mataifa: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca, halafu Tuscarora wakaongezeka mwanzoni mwa karne ya 18, wakawa sita. Nyumba ndefu ni nyumba halisi, ya fito na magome ya miti, waliyokaa familia kadhaa za ukoo mmoja wa upande wa mama. Ni mfano pia: Mohawk wanalinda mlango wa mashariki, Seneca mlango wa magharibi, na moto wa baraza unawaka katikati, kwa Onondaga.

Usiwachanganye na Wampanoag, wale wa hadithi ya 1621 na wakoloni wa Plymouth. Hao ni watu wengine, pwani nyingine, lugha za familia nyingine kabisa. Ni kama mtu kutoka nje amwambie Mluo kwamba yeye na Mmeru ni kitu kimoja kwa sababu wote ni Wakenya.

Muungano wenyewe, kwa simulizi yao, ulizaliwa kutoka kwenye damu. Kulikuwa na vita vya kulipizana visasi visivyokwisha, mpaka akaja mtu wanayemwita Mleta Amani. Pamoja na Hiawatha, aliyekuwa amefiwa na binti zake, alizunguka akishawishi taifa moja baada ya jingine. Wa mwisho kukubali alikuwa Tadodaho wa Onondaga, mtu katili ambaye simulizi inasema nywele zake zilikuwa nyoka. Silaha zilizikwa chini ya msonobari mweupe, na Sheria Kuu ya Amani ikaanza kufanya kazi. Machifu 50 wanakaa barazani, wanateuliwa na akina mama wa koo, na hao akina mama wana uwezo wa kumvua chifu cheo akipotoka. Uamuzi haupigiwi kura ya wengi wape. Mnazungumza mpaka mkubaliane.

Hebu fikiria ugumu wa mkutano wa namna hiyo. Watu wanakuja na machungu yao, mpaka huu, ng'ambo ile, nani alimuua nani. Utaanzia wapi?

Wao huanza na maneno ambayo kwa Kimohawk yanaitwa Ohén:ton Karihwatéhkwen, yaani maneno yanayotangulia mambo mengine yote.

*

Nani anashukuriwa? Msemaji anaanza na watu waliokusanyika: tumefika salama, tuko hai, tusalimiane. Kisha Mama yetu Dunia, anayetubeba. Kisha maji, na samaki walio ndani yake, ambao wana kazi ya kuyasafisha. Kisha mimea midogo, matunda, mazao ya shambani, mitishamba. Wanyama. Miti, na kiongozi wa miti ni ule ambao utomvu wake mtamu huchemshwa mpaka ukawa sukari, kwa sababu ndio wa kwanza kuamka baridi ikianza kulegea. Ndege. Pepo nne. Ngurumo, ambao ni babu zetu, wanaoleta mvua. Jua, kaka mkubwa. Mwezi, nyanya yetu, anayetawala maji na kuzaliwa kwa watoto. Nyota. Walimu waliotumwa kuwakumbusha watu njia ya kuishi. Mwisho kabisa, Muumba.

Ukiangalia vizuri utaona mpangilio: unaanza ardhini unapanda taratibu hadi kupita mbingu. Maneno yenyewe hayajafungwa. Kila msemaji ana namna yake. Mmoja anamaliza kwa dakika chache, mwingine anaweza kuzidisha saa nzima. Kinachobaki palepale ni ngazi. Kila akimaliza daraja moja, anasema kwamba katika jambo hili akili zetu zimekuwa moja, na waliokaa wanaitikia. Kisha anapanda daraja linalofuata.

Mambo mawili yalinishangaza nilipoanza kusoma haya, mimi ambaye niliacha chuo na sasa nasoma ninachotaka. La kwanza: hakuna ombi. Sala nyingi tulizokulia zinashukuru kwa sentensi moja kisha zinaomba kwa dakika kumi: tunaomba, tunaomba, tena tunaomba. Hapa hakuna anayeomba mvua. Ngurumo wanaambiwa tu kwamba kazi yao imeonekana.

La pili: kila anayetajwa ana kazi, na bado anaifanya. Maji yaliambiwa yatiririke, yanatiririka. Mwezi uliambiwa uhesabu siku, unahesabu. Ukisikiliza orodha hiyo ndefu ya wanaotimiza wajibu wao, lazima ujiulize kuhusu kiumbe mmoja ambaye ripoti yake haijulikani. Ndiye aliyekaa hapo anasikiliza.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Watu waliokuja wamekasirikiana wameshakubaliana mara 15 au zaidi kabla ya ajenda ya kwanza kufunguliwa. Hawajakubaliana kuhusu mpaka, la. Wamekubaliana kuhusu maji. Lakini aliyekwisha kuitikia pamoja na adui yake kwamba wote wanakunywa mto mmoja hawezi kuanza kubishana kana kwamba hawajuani.

Na mahindi? Hayo yako katika mazao, na kwao mahindi, maharagwe na malenge ni Dada Watatu. Hupandwa shimo moja: bua la mahindi linakuwa ngazi ya maharagwe, maharagwe yanarutubisha udongo, majani mapana ya malenge yanafunika ardhi yasiote magugu. Kabla hujasema haya ni mambo ya mbali, kumbuka sufuria ya githeri. Mahindi ni mmea wa Amerika, na vilevile yale maharagwe tunayochanganya nayo. Yalivuka bahari baada ya Wareno kuanza safari zao. Leo tunayaita chakula cha kienyeji, na ni sawa, lakini wakulima waliyoyalea kwa maelfu ya miaka walikuwa wenyeji wa bara lile. Katika shukrani zetu hawajawahi kutajwa.

*

Baada ya 1779, je? Ukweli ni kwamba nyumba ilipasuka. Oneida na Tuscarora wengi walikuwa upande wa Wamarekani, wengine upande wa Waingereza, na vita viliwakuta ndugu wakipigana. Baadaye ardhi ikakatwakatwa kwa mikataba na ulaghai. Pombe ikaingia. Mwaka 1799, katika kijiji cha Cornplanter, kaka yake wa kambo aliyeitwa Handsome Lake, mgonjwa na mlevi ambaye watu walidhani ameshakufa, alizinduka akiwa na maono. Mafundisho yake yalikataza pombe na kuwarudisha watu kwenye sherehe za shukrani: ya stroberi, ya mahindi mabichi, ya katikati ya baridi. Katika hotuba nyingi za shukrani, yeye mwenyewe anatajwa siku hizi miongoni mwa walimu. Yaani orodha inakua. Historia inaingia ndani yake.

Kisha zikaja shule.

Mohawk Institute ilikuwa Brantford, Ontario. Ilianza kupokea watoto wa bweni miaka ya 1830, chini ya shirika la wamishonari kutoka Uingereza na Kanisa la Anglikana, na haikufungwa mpaka 1970. Watoto waliosoma pale waliibatiza jina la Shimo la Uji kwa sababu ya uji waliolishwa siku nenda siku rudi. Upande wa New York kulikuwa na Thomas Indian School katika ardhi ya Seneca, iliyodumu kutoka 1855 hadi 1957. Wengine walipelekwa Carlisle, Pennsylvania, iliyofunguliwa 1879. Nia haikufichwa: mtoto atoke hapo bila lugha yake. Aliyekamatwa akiongea lugha ya nyumbani aliadhibiwa.

Hapa msomaji wa Kenya hahitaji mkalimani. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika jinsi shuleni kwake mtoto aliyepatikana akisema Kikuyu alivyochapwa au kuvalishwa kibao shingoni. Himaya ilikuwa moja, na mbinu zilisafiri.

Sasa fikiria maana ya kitendo hicho kwa Ohén:ton Karihwatéhkwen. Hotuba haikai kwenye kitabu. Inakaa mdomoni mwa mtu mzima na sikioni mwa mtoto aliyekaa karibu naye, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja mtoto anaambiwa ajaribu daraja moja tu, labda ndege. Ukimtoa mtoto chumbani miaka minane, mnyororo umekatika, na hakuna haja ya kuchoma mahindi tena. Sullivan alihitaji jeshi. Shule ilihitaji kengele na kiboko.

*

Mwaka 1979, miaka 200 kamili baada ya Sullivan, wazazi wa Mohawk huko Akwesasne walianzisha shule yao wenyewe. Akwesasne ni mahali pa ajabu: jamii moja imepasuliwa na mpaka wa Marekani na Canada, na upande wa Canada ikapasuliwa tena kati ya Ontario na Quebec. Ukivuka mto kumwamkia shangazi umevuka mpaka wa kimataifa. Wakati huo jamii ilikuwa pia na mvutano mkali na polisi wa jimbo la New York. Katika hali hiyo, wazazi walikaa wakaamua kwamba watoto hawatangoja.

Wakaiita Akwesasne Freedom School. Tangu katikati ya miaka ya 1980 masomo hufundishwa kwa Kimohawk, na msingi wa mtaala ni hiyo hotuba ya shukrani. Siku inafunguliwa nayo, halafu masomo yanapanda ngazi ileile: maji, mimea, wanyama, anga. Pesa? Wazazi wanapika, wanafagia, wanashona mablanketi ya vipande na kuyapiga mnada.

Onondaga nako, mwandishi na mwanabotania Robin Wall Kimmerer, ambaye ni Mpotawatomi anayeishi jirani nao, ameeleza katika kitabu chake cha 2013, Braiding Sweetgrass, jinsi shule yao inavyofungua na kufunga wiki kwa maneno hayo, madarasa yakipokezana zamu. Shule nyingine za Marekani huanza siku kwa kiapo cha utii kwa bendera. Sisi tuliosimama paredi Jumatatu na Ijumaa, jua likituchoma utosini huku mwalimu wa zamu akitafuta nani hajachomekea shati, tunajua paredi inafundisha nini. Inafundisha kusimama wima. Mtoto wa Onondaga anafundishwa kuhesabu jamaa zake.

Lakini usidhani ni hadithi tamu. Jirani na Akwesasne, kando ya mto St. Lawrence, kulikuwa na viwanda vikubwa, kikiwemo cha General Motors huko Massena. Kemikali za PCB ziliingia majini na ardhini kiasi kwamba katika miaka ya 1980 eneo la kiwanda hicho liliwekwa na serikali kwenye orodha ya sehemu zilizochafuliwa vibaya zaidi nchini. Watu ambao walikuwa wakila samaki tangu mababu waliambiwa waache, hasa wajawazito na watoto. Mkunga wa Mohawk, Katsi Cook, aliongoza mradi wa kupima maziwa ya akina mama ili wajue kile ambacho watoto wao wanakinyonya.

Basi mtoto anaamka, anaenda shule, anawashukuru samaki kwa kusafisha maji. Anarudi nyumbani, anaambiwa samaki hao hawaliwi.

Kwangu, swali lote la kufundisha watoto shukrani liko hapo. Ungeweza kusema wangeacha kutaja samaki, kwa nini kudanganya watoto? Lakini samaki hawajavunja mkataba wao. Ukiendelea kuwataja kila asubuhi, mtoto anakua akijua kwamba kuna mtu mwingine aliyevunja, na kwamba kuna deni. Shukrani ya namna hii haimfanyi mtu anyamaze. Inamfanya awe shahidi. Na kweli, wengi waliopigania kusafishwa kwa mto ule ni watu waliokulia ndani ya maneno haya.

Tofauti na shukrani tunayowafundisha wengi wetu. "Umesema asante?" Mtoto anasukumwa mbele, amshukuru mgeni mwenye peremende. Akikua anaambiwa amshukuru mheshimiwa kwa barabara iliyojengwa kwa kodi ya mama yake. Asiposhukuru, anaambiwa asante ya punda ni mateke. Hiyo ni shukrani ya kushuka: mkubwa yuko juu, wewe uko chini, na kazi yako ni kupokea na kupiga makofi. Ile ya Nyumba Ndefu inapita kati ya jamaa. Huwezi kumtumia nyanya yako Mwezi kukufunga mdomo.

*

Mwaka 1995, Jake Swamp, chifu wa Mohawk aliyekuwa akizunguka nchi mbalimbali akipanda Miti ya Amani, alichapisha kitabu kidogo cha watoto, Giving Thanks, kilichochorwa na Erwin Printup Jr. Kimesomwa mbali sana na Akwesasne, na walimu wengi wa Marekani hukitumia. Shida ni lini na namna gani. Mara nyingi ni Novemba. Wiki moja ya kukata manyoya ya karatasi, kusoma kurasa chache, kula bata mzinga, kwisha. Desemba inafika, na Haudenosaunee wanarudi kuwa watu wa kale waliokuwepo zamani.

Mwalimu au mzazi anayetaka kufundisha jambo hili bila kuliharibu anaweza kuanza na mambo matatu. Awaambie watoto jina: watu gani hasa, wanaishi wapi, leo. Awaambie kwamba maneno haya hayana msimu. Yanasemwa Machi, yanasemwa Julai, yanasemwa mkutanoni. Na asiiruke 1779. Mtoto wa darasa la nne anaelewa kabisa maana ya mtu kuchoma chakula chako. Anachohitaji kuongezewa ni kwamba waliochomewa walipanda tena, na walipovuna, walishukuru mahindi.

Hotuba ina mwisho wake. Baada ya Muumba, msemaji anasema kwamba hakukusudia kumwacha yeyote nje, na kama amesahau kitu, basi kila mmoja akitaje kwa namna yake. Watoto wa Akwesasne wanaufahamu mwisho huo tangu wakiwa wadogo. Wanajua kwamba hata mzee anayeyasema maneno haya miaka 40 anaweza kusahau, na kwamba kazi ya kumkumbusha ni yao.